Kifuko cha Hatibu

1

Miwani ndiyo iliyomrudisha Mize nyumbani asubuhi ile. Alikuwa ameshaikaribia kona ya Barabara ya Kumi na Mbili alipojipapasa usoni akakuta pua tupu, na kazini kwake, bila miwani, mtu hawezi kumtofautisha samaki aliyelala na samaki aliyekufa. Akageuza njia huku akisonya. Aliingia kwa mlango wa uani, viatu mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na hapo ndipo alipoisikia sauti ya wifi yake. Haikutoka ukumbini. Ilitoka chumbani kwake.

“Umeamkaje, mgeni wetu?” sauti ilikuwa ikisema, nzito, ya chini chini. “Umelalia upande gani leo? Baba yako hakukugandamiza?”

Mize akalisogeza pazia kwa kidole kimoja. Mumewe, Hatibu, alikuwa ameegemea mito, shati limefunguliwa vifungo vyote, na kifuko chake cha mimba ya miezi minane kimejaa kuanzia chini ya mbavu hadi mapajani. Mwantumu, dada yake mkubwa Hatibu, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Viganja vyake viwili vilikuwa juu ya kifuko, na kifuko kilikuwa cha manjano.

Rangi hiyo ndiyo iliyomkata maini. Magoti angeyavumilia, na viganja labda angevivumilia. Lakini ile ngozi, ambayo kwa Mize ilikuwa haijatoka kwenye rangi ya udongo kwa mwezi mzima, sasa ilikuwa imewaka kama binzari iliyotoka kutwangwa, na chini ya mikono ya Mwantumu mtoto alikuwa akijisukuma huku na huku kwa furaha. Mtoto wake yeye, Mize, alimchezea mtu mwingine.

“Salamu zimenoga humo,” akasema.

Hatibu aliruka akaanza kufunga vifungo, na kwa haraka yake akakosea tundu, kama mwanamume aliyefumaniwa. Mwantumu alichelewa kuinuka kwa sababu ya magoti yake. Alipoinuka alimtazama Mize usoni bila kuinamisha macho.

“Nilidhani Hatibu amekwambia, wifi.”

“Ameniambia nini?”

Mwantumu akamgeukia mdogo wake. Hatibu akakitazama kile kifungo kilichokosa tundu.

“Zile siku uliponinunia,” akasema, “kifuko kiligeuka kijivu. Niliogopa, Mize. Nilimwita dada akiamkie, mara moja tu, kikashika rangi. Halafu wewe ukaacha kununa, lakini ulipokiamkia hakikukujali. Ikabidi dada aendelee. Kila ukishatoka.”

“Na mimi ukaniambia mimba ikikomaa rangi hufifia.”

“Nilikwambia.”

“Na mimi nikakuamini. Kazi yangu ndiyo hiyo, na bado nikakuamini.”

Akachukua miwani yake juu ya kabati akatoka. Kila siku alikuwa akimwamkia Mwantumu kwa heshima, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwake na ndiye aliyemlea Hatibu. Siku hiyo alimpita kama anavyopitwa mnazi.

2

Tusimwite Mize mwehu kabla ya kuyajua yake.

Mimba mbili zilimtoka. Ya pili ilitoka ikiwa imeshaanza kucheza, na daktari akamwambia kwa upole kwamba tumbo lake halitashika ya tatu. Ndipo wakasikia habari za kifuko. Watu wa Tanga siku hizo walikuwa wameshazoea kuazima maarifa ya viumbe wa baharini. Mifupa iliungwa kwa gundi ya kome. Mabango ya biashara yalivishwa ngozi ya pweza, yakawa yanabadili rangi kadiri mpita njia anavyoyakaribia. Mapaa ya Chumbageni yalipakwa rangi iliyotokana na yule konokono wa bahari asiye na gome, mwizi mkubwa, anayekula mwani akauiba ukijani wake, kisha akashiba kwa kuota jua. Kwa hiyo mtu aliposema kwamba kuna samaki ambaye dume ndiye hubeba mimba, na kwamba mwanamume naye anaweza kuoteshwa kifuko kama cha farasi-bahari akabeba yai la mkewe, hakuna aliyeanguka chini. Waliuliza tu kama kinauma.

Hatibu alikubali kabla Mize hajamaliza kumwomba. Mchukueni huyo mume mumweke kwenye mizani mtakayo, atakuwa mzito. Na Mize alimshukuru, akalia, akamfulia hata mashati ambayo hayakuwa machafu. Ila shukrani na wivu hukaa chumba kimoja vizuri sana.

Wivu ulianza kidogo kidogo. Hatibu alitamani udongo wa kula, majirani wakamletea. Hatibu alichoka, majirani wakamkanda miguu. Akaanza kusema “mwanangu” pale alipozoea kusema “mwanetu”. Mize akiomba kumgusa mtoto anapocheza, mara nyingi aliambiwa, “Ndiyo kwanza kalala.” Mwezi wa saba ulipofika, wanawake wa mtaa wakafanya shughuli, kwa sababu walikuwa wameshakubaliana kwamba anayebeba ndiye mwenye shughuli, awe na ndevu asiwe nazo. Wakamkalisha Hatibu kwenye mkeka mpya, wakampaka liwa, wakamwimbia nyimbo ambazo Mize alikuwa akizingoja tangu utotoni. Mize alikuwa anazungusha sharbati. Bi Saumu wa nyumba ya pili akamnyooshea gilasi tupu akasema, “Na wewe baba mtu, usisimame tu, tuongeze.”

Wote wakacheka. Hatibu ndiye aliyecheka zaidi, akakishika kifuko kisitikisike.

Mize akanuna. Na kwao kununa kulikuwa ufundi. Mama yake alikuwa na uwezo wa kumnunia mumewe kuanzia mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo, akipika, akifua, akitandika kitanda, bila kumpa salamu. Salamu ndiyo ilikuwa fimbo ya nyumba ile. Kwa hiyo Mize naye asubuhi iliyofuata alimwekea Hatibu chai na mbaazi za nazi, akapita bila kumwamkia yeye wala kifuko. Asubuhi ya pili vilevile, na ya tatu.

Alijua kwamba kifuko huishi kwa salamu. Hapo ndipo pachungu. Alikuwa mtunzaji wa matangi ya farasi-bahari huko Raskazone, ambako mbegu za vifuko zilikuzwa, na kila alfajiri aliwaona majike wakiwaendea madume wenye mimba. Jike humjia dume wake, rangi zao hung'aa, wakashikana mikia, wakazungukana kwenye jani la mwani kama maharusi, kisha kila mmoja akaenda zake hadi kesho. Salamu hiyo ndiyo humwambia dume kwamba mwenzake yu hai, endelea kubeba. Mize aliwafundisha hayo wageni waliotembelea kituo. Akarudi nyumbani akanuna. Mganga hajigangi.

3

“Kifuko hakijui ndoa,” Dokta Mhina wa hospitali ya Nyumba ya Vifuko aliwaambia. Alikuwa mama mnene, mtulivu, na ofisini kwake kulikuwa na picha ya wanawe watatu wamevaa sare za shule. Mize aliitazama picha hiyo kuliko alivyomtazama mwenyewe. “Hakijui yai lilitoka kwa nani. Kinajua jasho la kiganja na kinajua sauti, basi. Salamu zilipokatika kilihesabu kwamba wewe umekufa. Akaja mwingine, kikamshika huyo.”

“Mimi ndiye mama yake.”

“Sijakataa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo kilivyofikiri, kama kinafikiri.”

Hatibu alikohoa. “Mtoto ni mzima, Dokta?”

“Mzima. Tatizo ni kuzaliwa. Kifuko hakisukumi kama tumbo la mwanamke. Kinafunguka chenyewe kikiamkiwa na anayejulikana, na kisipofunguka tunalazimika kupasua. Tulimpasua mzazi mmoja. Sipendi kuwasimulia.”

Mize aliuliza kile ambacho Hatibu aliomba moyoni asikiulize. “Hakiwezi kunijua tena?”

Dokta akaeleza kwamba iko njia, wenyewe wanaiita kurudisha salamu. Mwantumu aondoke, aende mbali ambako hata sauti yake haitasikika. Mize akiamkie kifuko asubuhi na jioni. Mwanzoni kitanuna.

“Na chenyewe kinanuna?” akauliza Hatibu.

“Kitakuwa cha udongo, halafu kitaingia ukijivu pembeni. Hapo ama kitamkubali mama, kirudi manjano, ama kitaamua kwamba kimefiwa mara ya pili. Kikifika rangi ya majivu, msingoje, mrudisheni dada saa ileile. Hatuwezi kukifunga waya wa kukipima, kila waya tuliojaribu ulikifanya kijikaze. Nitapiga simu kila mchana na nitauliza rangi tu. Maisha ya mtoto yatakuwa kwenye jibu hilo.”

“Tukiacha kama ilivyo?” akasema Hatibu.

“Atazaliwa salama. Mikono ya kwanza itakuwa ya dada yako, na sauti atakayoitafuta ni ya dada yako. Itachukua muda kuzoea nyingine. Muda gani, sijui. Mtoto mkubwa kabisa wa kifuko ana miaka sita.” Akamtazama Mize. “Ningekuwa mimi, ningeacha kama ilivyo.”

“Wewe unao watatu,” akasema Mize.

Njiani Hatibu alizungumza sana, akasihi, akataja dua, akataja kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea, na kwamba miaka ya kulea iko mbele yao tele. Mize alimsikia. Lakini kila alipofumba macho aliiona ile manjano chini ya viganja visivyo vyake, na ndani yake kitu kilikuwa kikisema: hata hiki pia? Mimba mbili, nyimbo, liwa, mkeka, na sasa hata sauti ya mama?

“Nataka kurudisha salamu,” akasema walipofika mlangoni. “Mwili ni wako, ukikataa sina la kufanya. Lakini ukikataa nitajua umemchagua nani.”

Hatibu alikuwa mtu mwema, na watu wema husukumika kirahisi. Akakubali.

4

Mwantumu alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha nyuma kilijaa magauni ya watu. Alikuwa anapinda ukosi Mize alipoingia bila hodi.

“Dokta amesema uhame kwa muda.”

“Hatibu amenieleza.” Mwantumu hakuacha kushona. “Nitakwenda kwa shangazi Pongwe. Ila nikwambie jambo moja, wifi, ulichukue au uliache. Sikukuibia. Nilikifunika tu, kama mtu anavyofunika chungu cha mwenzake mvua ikinyesha na mwenyewe hayupo.”

“Mwezi mzima mvua inanyesha?”

Cherehani ikasimama.

“Mara ya kwanza nilikwenda kwa hofu,” akasema Mwantumu. “Mara ya pili pia. Baadaye, sitakudanganya, nilikuwa naamka mapema nikisubiri utoke. Alikuwa ananijibu kwa mguu. Nikimuuliza, ananijibu. Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hivyo.”

Mwenye huruma angeishia hapo. Mize wakati ule hakuwa nayo, na alijua mahali pa kupiga, kwa kuwa nyumba nzima ilijua. Mwantumu aliolewa mara mbili na mara zote mbili alirudishwa kwao kwa sababu moja.

“Ukitaka mtoto,” akasema Mize, “katafute wako.”

Mwantumu alikunja lile gauni taratibu, mkono juu ya mkono, akaliweka juu ya mengine. Jioni ya siku hiyo alipanda gari la Pongwe na mkoba mmoja. Hakwenda kumuaga mdogo wake, kwa sababu kuaga kungetaka sauti.

5

“Sabalkheri, mwanangu,” Mize alisema asubuhi ya kwanza, viganja juu ya kifuko.

Kifuko kilibaki cha udongo. Ndani yake mtoto alijigeuza mara moja, kisha akatulia, kama mtu aliyefungua mlango akakuta si yule anayemngoja. Mize akaendelea. Alisema jina lake, alimsimulia habari za matangi, alimwimbia zile nyimbo za kwenye mkeka. Jioni akarudia. Siku ya pili ilikuwa vilevile, ila sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

Siku ya tatu aliona ukijivu chini kabisa, mahali ambapo Hatibu mwenyewe hakuweza kupaona kwa sababu tumbo lilimzuia.

“Rangi gani, mke wangu?”

“Udongo.”

“Hakuna manjano hata kidogo?”

“Inataka kuja,” akasema.

Huko kazini alisimama mbele ya tangi la pembeni, ambako alikuwa na dume mmoja mwenye mimba, aliyefiwa na mwenzake. Vijana wa kituo walikuwa wamemtia jike mpya ndani. Kila asubuhi jike alimjia akiwa na rangi zake zote, akimzunguka, akimnyooshea mkia. Dume alilishika jani kwa mkia wake. Mize alikaa akimtazama mpaka chai yake ikapoa, na alijikuta anamchukia yule jike kwa kujipendekeza. Kisha akajikuta anamwonea huruma. Siku iliyofuata alikuta vitoto vya yule dume vimetapakaa juu ya mchanga wa tangi, vyeupe, vidogo kama kucha, na hakuna kilichokuwa kinacheza. Alivichota kwa kichujio bila kumwita mtu.

Mchana simu ikalia. “Rangi?” akauliza Dokta Mhina.

Asubuhi hiyo ukijivu ulikuwa umepanda hadi usawa wa kitovu. Haukuwa majivu, Mize alijiambia. Majivu ni meupe zaidi. Pengine kesho ndiyo siku yenyewe, pengine kinageuka usiku huu, na akimwita Mwantumu leo hatapata nafasi nyingine maishani mwake. Alimwona Mwantumu akipiga magoti. Alimwona mtoto akimkimbilia Mwantumu uani, miaka ijayo, huku yeye akizungusha sharbati.

“Udongo,” akasema. “Inaelekea manjano.”

“Alhamdulillahi,” akasema Dokta, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. “Basi nilikosea. Endelea hivyohivyo, mama.”

Ni mara ya kwanza mtu kumwita mama, na aliipata kwa uongo. Aliporudi nyumbani alitoa kanga sandukuni akaitundika juu ya kioo cha kabati. Hatibu alipouliza, alimwambia kwamba mwenye mimba asijitazame sana, ndivyo wazee walivyosema. Hatibu aliitazama ile kanga, akamtazama yeye, akageukia ukutani.

6

“Hajacheza tangu jana,” Hatibu alisema.

Kulikuwa kumeshakucha, na mwanga wa dirishani uliangukia kitandani moja kwa moja. Mize alilifungua shati. Kifuko kizima kilikuwa cha majivu, kuanzia mbavu hadi mapajani, majivu ya jiko lililozimwa jana. Aliweka viganja. Ngozi ilikuwa baridi.

“Sabalkheri, mwanangu,” akasema. “Sabalkheri. Ni mimi.”

Ndani hapakuwa na jibu.

Hatibu aliinuka kwa kujishikilia ukuta, akaenda kabatini akaivuta kanga. Alijitazama kwa muda mrefu. Kisha alimtazama Mize kupitia kioo, na hakumwambia neno lolote, si la hasira wala la kilio. Mize aliyajua makali ya ukimya huo kwa kuwa ndio aliolelewa nao, lakini hakuwahi kuupokea. Akachukua simu.

Mwantumu alipokea mara moja, kama aliyelala na simu mkononi. Hakusema kitu. Alikuwa bado anatii amri ya kutosikika.

“Njoo hospitali,” Mize akasema. “Wifi, njoo.”

Mwantumu alifika Nyumba ya Vifuko muda mfupi baada yao, na pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Dokta Mhina alikuwa ameshakiona kifuko.

“Ulisema manjano,” alimwambia Mize.

“Nilisema.”

“Mimi nilikuwa nakuamini.”

“Najua.”

Dokta akakigeukia kitanda. Visu vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani. “Mpe nafasi,” akamwambia muuguzi, na Mwantumu akapiga magoti.

Aliweka viganja. “Umeamkaje, mgeni wetu?”

Hakuna kilichobadilika. Hatibu alikuwa amefumba macho na midomo yake inasoma. Mwantumu akasogeza mikono kidogo, akakohoa, akaanza tena kwa sauti ileile ya kila siku, bila kubembeleza, kama mtu anayemwamsha mtoto wa shule. “Umeamkaje? Nilisafiri, mwenzangu. Sikukuaga, nisamehe. Umelalia upande gani?”

Mize alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza aliomba kwa moyo wote kwamba sauti ya mwanamke yule ijulikane. Aliomba hivyo na wivu ukiwa bado umemkaa kooni, haukwenda popote.

Chini ya kidole gumba cha Mwantumu ikatokea manjano, ndogo, kama tone la mchuzi. Ikapanuka. Ikafika kitovuni, ikashuka, na pale chini ngozi ikatetemeka ikaachana yenyewe bila kisu. Hatibu akaguna kwa uchungu. Mtoto akateleza kwenye mikono iliyomngoja, msichana, wa buluu, kisha wa zambarau, kisha akalia.

Watu wote wakaanza kupumua.

Mwantumu alimshika kwa muda wa pumzi chache tu. Midomo yake ilikuwa imebanwa kabisa. Machozi yalimshuka hadi kidevuni, na alikuwa na maneno, ilionekana wazi kwamba alikuwa nayo, lakini hakulitoa hata moja. Akamwinua mtoto, akamweka mikononi mwa Mize, akatoka nje barazani akaurudishia mlango.

“Anafanya nini?” akauliza muuguzi.

Dokta Mhina ndiye aliyeelewa. “Anakuachia,” akamwambia Mize kwa sauti ndogo. “Mtoto asipoisikia tena ile sauti, siku chache hizi za mwanzo, atashika yako. Nafasi yenyewe ndiyo hii. Huyo mama anaijua.”

Basi Mize akawa amepata alichokitaka chote. Alimkumbatia mtoto, mzito, wa joto, mwenye nywele za Hatibu. “Sabalkheri, mwanangu,” akasema. Mtoto akalia zaidi. Akamwimbia, akamtikisa, akamweka kifuani. Mtoto aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, anatafuta, na kilio chake kikaanza kukwaruza. Siku chache, Dokta alisema. Siku chache za kilio hicho, kisha maisha mazima.

Dirisha la baraza lilikuwa wazi. Mwantumu alikuwa ameketi kwenye benchi, amewapa mgongo, viganja vyote viwili vimeziba mdomo wake.

Mize alimtazama Hatibu. Hatibu alikuwa anamtazama mtoto. Mize akaufungua mlango kwa kiwiko.

Mwantumu aliposikia hatua zake alisimama aende mbali zaidi. Mize akamzuia njia. Hakuwa amemwamkia tangu ile asubuhi ya miwani, na neno lilipanda kwa shida, kama mtu anayenyanyua ndoo kutoka kisimani.

“Shikamoo, wifi.”

Mwantumu akatikisa kichwa, mikono bado mdomoni, akimwonyesha mtoto kwa macho.

“Shikamoo, nimesema. Salamu haijibiwi kwa kichwa.”

Viganja vikashuka polepole.

“Marahaba,” akasema Mwantumu.

Kilio kikakatika katikati. Mtoto alifumbua macho, akaugeuza uso wake wote kuelekea ilikotoka sauti, akauacha uso wa aliyempakata. Mize aliliona hilo, na lilimuuma, lilimuuma pale pale palipokuwa pakimuuma siku zote. Akasogea hatua moja, mtoto akawa katikati yao.

“Haya,” akasema. “Muulize ameamkaje.”